Kibodi ya Kwenda Kikaoni

"Binti, simamisha hiyo mashine," Mzee Gaspari alisema. "Tumekuja hapa kusikilizana, si kusikiliza bisi zikiruka sufuriani."

Watu wakacheka. Sirili, mdogo wa marehemu baba wa binti huyo, alicheka kuliko wote, na wenzake waliponyamaza yeye alikuwa bado anaendelea. Dominika akanyanyua vidole kwenye kibodi na kuviweka mapajani. Pembeni yake mama yake, Kornelia, alikuwa angali ameinamia kioo cha kompyuta, akingoja mstari unaofuata. Hakujua kwamba hakuna mstari unaofuata.

Kornelia alipoteza usikivu miaka minne kabla ya siku hiyo. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza wiki sita, na alipoamka dunia ilikuwa imezimwa sauti. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hapo Uru miaka thelathini, kwa hiyo kusoma kulikuwa kazi yake; lakini midomo ya watu haikumwambia kitu, hasa midomo ya wazee waliokwisha kupoteza meno ya mbele. Ndipo Dominika, mtoto wake wa pekee, alipogeuka kuwa masikio yake. Watu wakisema, yeye anachapa, mama anasoma.

Kuchapa kulikuwa ndiyo riziki ya Dominika. Tangu amalize kidato cha nne na kozi ya uhazili alikuwa kwenye steshenari moja mjini Moshi, akichapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya nyumba na kazi za wanafunzi wa chuo waliochelewa. Kibodi yake ilikuwa ya zile ambazo kila kitufe kina swichi yake chini, na swichi zake zilikuwa za mlio: kila herufi, ta! Wateja walimwita Cherehani. Jina hilo lilimfurahisha mpaka siku ile ya kikao cha ukoo.

Baada ya kusimamishwa alikaa saa mbili akimtazama mama yake akitazama midomo ya watu. Mwishowe katibu wa ukoo, mtu mmoja wa makamo aitwaye Lucky, akaleta muhtasari ili mjane atie sahihi. Kornelia akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari kama anayesahihisha daftari. Mstari wa tisa ulisema: *Mjane hana pingamizi.*

Akaiweka kalamu chini.

"Sijasikia hata neno moja," akasema kwa ile sauti yake ambayo sasa hakuweza kuipima, ikatoka kubwa hadi kuku waliokuwa barazani wakaruka. "Nitakosaje pingamizi kwa jambo nisilolisikia?"

Mzee Gaspari, mkuu wa ukoo, hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu, akasema kikao kimeahirishwa wiki mbili, Jumamosi. "Tafuteni njia ya huyu mama kusikia. Lakini mashine ile, hapana."

Lililokuwa linaamuliwa ni kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye nyumba, kahawa na migomba, aliloliacha Aloisi, mume wa Kornelia, alipofariki mwaka mmoja uliopita. Sirili alidai kwamba sehemu yote ya chini, kuanzia kwenye mfereji hadi korongoni, kaka yake alimpa kabla ya kufa.

Jumapili mama na binti wakajaribu njia nyingine. Vitufe vya kompyuta yenyewe vilikuwa vimemwagiwa uji zamani, nusu yake vimekufa. Wakajaribu kalamu: Dominika akimaliza kuandika sentensi moja, tatu zimeshapita. Wakajaribu ile programu ya simu inayosikiliza na kuandika. Kwa mtangazaji wa redio iliandika vizuri ajabu. Lakini jirani yao Mama Violet alipokuja kuijaribu, kwa Kiswahili chake kinachotembea bega kwa bega na Kichagga, kila aliposema kihamba simu iliandika kiama.

"Tutagawana kiama?" Kornelia akauliza, akacheka hadi akafuta machozi. Dominika hakucheka. Alikuwa anahesabu siku.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, akaenda kwa Godbless. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda kwenye korido ya jengo moja la katikati ya mji, mtu wa Mwika, mpole, asiyeweza kuuza kitu bila kukifundisha kwanza. Alimsikiliza Dominika mpaka mwisho, kisha akatoa kipande cha plastiki chenye swichi tisa zimepangwa, kila moja na kofia yake.

"Dada Domi, funga macho. Bonyeza moja moja. Usiniambie ipi nzuri, niambie kidole kinasema nini."

Dominika akafumba macho. Ya kwanza aliijua, ilikuwa kama zake, ya mlio. Akaipita haraka kana kwamba imemuunguza. Ya pili, ya kuteleza, ilizama bila kizuizi, kama kidole kinaingia kwenye siagi. Ya tatu ilikuwa na kigongo katikati: kidole kinashuka, kinakutana na kituta kidogo, kinakivuka, na hapo unajua kwamba herufi imeshaingia. Na zilikuwapo nyingine za kuteleza na za kigongo ambazo zilikuwa kimya kabisa, kwa sababu, Godbless alieleza, ndani yake zimewekwa vipande vya mpira vya kupokea kishindo.

"Hii," Dominika akasema, kidole kikiwa juu ya ile ya kuteleza iliyo kimya. "Hii haisikiki kabisa."

"Usiharakishe." Godbless akamletea kibodi nzima yenye swichi hizo, akaiunganisha, akachukua gazeti na kuanza kumsomea kwa kasi, mara ya michezo, mara ya mahakama. Dominika alichapa. Korido ilikuwa na watu, lakini hakuna aliyegeuka kumtazama.

Kisha wakasoma alichokichapa. Herufi mbilimbili zilikuwa zimejitokeza kila alipopumzisha kidole, maana swichi zile zilikuwa nyepesi mno. Na katikati ya ukurasa, Godbless aliposoma *mlalamikiwa hana haki*, kwenye kioo ilikuwa imeandikwa *mlalamikiwa ana haki*. Kidole cha Dominika kiliigusa H, kikaamini kimeibonyeza, kikaenda zake.

"Herufi moja tu hiyo," Godbless akasema kwa kumfariji.

"Hiyo moja ndiyo shamba, Godbless."

Fundi akaichomoa kibodi ile. Halafu akafungua droo na kutoa mfuko mdogo. Swichi za kigongo zilizo kimya alikuwa nazo thelathini na tano, masalio ya kazi ya mtu mwingine. Zingetosha herufi zote, nukta, mkato na kile kitufe kirefu cha nafasi. Vitufe vingine vingewekewa zile za kuteleza. "Lakini nikwambie ukweli. Hizi ni nzito. Kwa saa moja utazipenda. Kwa saa tatu mkono utalia. Chagua: uandike kwa raha ukosee, au uumie upate."

 Dominika alibaki anaibonyeza swichi ile, inashuka, inavuka kituta, inarudi, na Godbless akadhani anasita kwa sababu ya uzito.

Hakuwa akifikiria uzito. Alikuwa akifikiria chumba cha hospitali, mwaka uliopita, siku nne kabla baba yake hajafa. Baba alikuwa kitandani. Sirili amesimama upande huu, Dominika upande ule, na mama ameketi kwenye kiti miguuni pa kitanda. Ndugu wawili waliongea kwa muda, na huko chini shambani kukatajwa. Mama akamvuta Dominika mkono: wanasema nini? Dominika alikuwa na siku tatu hajalala. Alichukua simu akaandika maneno matatu: *Habari za ng'ombe.* Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumtazama mumewe. Tangu siku hiyo Dominika hakuwahi kumweleza mama yake yaliyosemwa. Sasa Sirili angelitaja mbele ya ukoo mzima, kwa maneno atakayoyachagua mwenyewe, na kibodi nzuri ingeyapeleka yote kwa mama bila kuacha hata herufi. Kibodi mbovu, walau, ingekuwa kisingizio.

"Niwekee za kigongo," akasema mwishowe.

Kibodi ilikuwa tayari Jumatano. Siku zile zilizobaki alizitumia kujizoeza, redio ikiwa wazi, kuanzia anaporudi mjini hadi chakula kinapoiva. Siku ya kwanza kiganja cha kulia kilimuuma akashindwa kumenya ndizi za mtori. Siku ya tatu akaweza saa mbili.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni kwamba hakuwa na uhakika na ukimya. Masikio ya mtu anayechapa huzoea. Akamuita Mama Violet asikilize, naye akasema ni sawa tu, kwa namna ya mtu anayetaka kwenda kukamua ng'ombe. Kornelia ndiye aliyevuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza na kubandika kiganja juu ya mbao.

"Chapa," akasema.

Dominika akachapa. Mama alifumba macho.

"Bado inapiga. Naipata hapa," akaonyesha kifundo cha mkono. "Meza ndiyo inayopiga kelele, si mashine peke yake."

Wakakunja kipande cha blanketi na kukiweka chini ya kibodi. Kiganja kikarudi mezani. Kornelia akatega mkono kama wengine wanavyotega sikio.

"Sasa nzuri. Lakini kuna mmoja anapiga teke. Baada ya hatua nne tano, teke. Nani huyo?"

Dominika akatafuta mpaka akamwona: kile kitufe kirefu cha nafasi, kilichokuwa kikigonga kwenye pande zake mbili kila neno linapoisha. Akampigia Godbless simu. Godbless akamwambia aking'oe, abandike vipande vya plasta ya kidonda pale kinapogota. Akafanya hivyo kwa mkasi wa kucha, mama akimshikia tochi ya simu. Walipojaribu tena Kornelia alikaa na kiganja chake mezani muda mrefu, kisha akamtazama bintiye kwa fahari ya mwalimu. Dominika akainamisha uso.

Jumamosi ikafika. Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mzee Gaspari, watu kumi na wawili kuzunguka meza moja ndefu, chupa za chai katikati. Dominika aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Sirili aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye ule mfuko wa kompyuta.

"Umekuja nayo tena," akasema.

"Hii ni nyingine, baba mdogo."

Akaitandikia blanketi, akaiweka, akakigeuzia kioo upande wa mama yake. Mzee Gaspari akasali, akaketi, akasubiri.

"Haya, anza tuone kelele zake."

Kimya.

"Mbona huanzi?"

"Nimeshaanza, babu. Hata hilo swali lako nimeliandika."

Wazee wakanyoosha shingo. Kwenye kioo maneno ya Mzee Gaspari yalikuwa yamekaa vilevile alivyoyasema. Mzee akaguna, akajaribu kuficha kwamba amependezwa, akamruhusu Sirili aseme.

Sirili alijua kusema. Alianza polepole, akaeleza jinsi kaka yake alivyozidiwa siku ya mvua kubwa, gari likashindwa kupanda, na yeye akambeba mgongoni hadi barabara ya lami. Hiyo ilikuwa kweli, kila mtu aliijua, na Dominika aliiandika yote. Kisha akaongeza kasi. Kisha akashusha sauti, akaingia kwenye Kichagga, akiwageukia wazee na kumpa mjane kisogo. Dominika akawa anasikia kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, jasho likimteremka nyuma ya masikio. Mkono wa kulia ulianza kuwaka moto. Kila herufi alivuka kile kituta, kila herufi alijua imeingia.

"Shemeji alikuwepo kikao kilichopita, hakukataa," Sirili akasema. "Na hospitali alikuwepo vilevile. Amekaa kwenye kiti. Hakukataa."

Kornelia alisoma, akainua kichwa. "Hospitali sikukataa nini?"

Sirili hakumjibu yeye. Aliwaambia wazee, "Muulizeni huyu binti. Alisimama kando ya kitanda. Kaka alisema kwa kinywa chake: Sirili, chukua huko chini. Aseme yeye kama sikusikia sawa."

 Watu wote walimtazama Dominika, na yeye alitazama mikono yake. Ndipo alipotambua jambo ambalo hakulifikiria pale kwa Godbless. Kibodi ile haikuwa na sauti. Hakuna aliyeweza kujua kama anaandika au ameacha. Angeweza kuliruka neno la Sirili, akaandika chochote, *anarudia yale yale*, na mama angeamini, kwa sababu siku zote alikuwa ameamini.

Kidole kilikuwa juu ya herufi ya kwanza. Akaibonyeza.

*Baba mdogo anasema nilikuwepo. Anasema baba alimwambia: Sirili, chukua huko chini.*

Kornelia akasoma. Akasoma tena. Alipogeuza uso wake hakumtazama Sirili.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Alisema na kuandika kwa pamoja.

"Alisema?"

Sauti ya Dominika ikatoka na vidole vikaifuata. "Baba alisema, Sirili, chukua majani ya huko chini, na ndizi, ulishe ng'ombe wako, mpaka nitakapotoka hapa. Hivyo ndivyo alivyosema. Hakutaja shamba."

"Alisema huko chini!" Sirili akasimama.

"Alisema majani ya huko chini, baba mdogo. Na wewe ulimjibu, asante kaka, ng'ombe wangu wamekonda."

Mzee Gaspari akamgeukia Sirili. "Ulisema hivyo?"

 Sirili aliwatazama wazee, akamtazama Lucky aliyekuwa ameshika kalamu hewani. Alipoketi alionekana amezeeka ghafla.

"Ng'ombe walikuwa wamekonda kweli," akasema. "Na nilimbeba. Mgongoni. Hakuna anayelisema hilo."

"Tunalisema," Mzee Gaspari akajibu. "Lakini mgongo si hati."

Dominika aliyaandika hayo pia. Mama yake, hata hivyo, alikuwa ameacha kusoma. Alisema kwa sauti yake kubwa, mbele ya wote:

"Siku ile nilikushika mkono nikakuuliza wanasema nini. Ukaniandikia habari za ng'ombe."

 Dominika akaandika tu: *Nilikuwa nimechoka, mama.*

"Na mimi nilikuwa nimechoka," Kornelia akasema. "Lakini nilikuwa mke wake. Yalikuwa maneno yake ya mwisho mwisho, ukayafupisha."

Wazee walitoka nje kushauriana, wakarudi chai haijapoa. Kihamba chote kitabaki mikononi mwa mjane. Sirili ataendelea kukata majani chini ya mfereji hadi masika, kwa heshima ya alivyomhudumia kaka yake, na baada ya hapo ataomba kama jirani mwingine yeyote. Lucky akaandika muhtasari. Kornelia akausoma akiulinganisha na kioo, akakuta *kata majani* imeandikwa *kata migomba*, akairudisha isahihishwe, ndipo akatia sahihi. Sirili alitia ya kwake bila kusoma, akawaaga wazee, akaondoka bila kugusa mbege, ile pombe ya ndizi iliyoletwa kufungia kikao.

Mama na binti walipanda njia ya nyumbani kati ya kahawa za watu, mmoja mbele, mmoja nyuma. Watu walisimama magetini kuwapa hongera. Kornelia alizipokea kwa kichwa. Nyumbani aliwasha moto, akapika, akampa Dominika chakula chake, asiseme kitu. Jumapili walikwenda misa na kurudi hivyo hivyo. Jumatatu na Jumanne Dominika alishuka mjini akachapa barua za watu kwa kibodi mpya. Mteja mmoja akamuuliza Cherehani siku hizi ameenda wapi. Alitabasamu tu. Mkono ulikuwa umevimba kidogo kwenye kifundo.

Jumatano alirudi mapema. Alimkuta mama yake ameketi mezani, miwani usoni, meza imefutwa. Kipande cha blanketi kilikuwa kimeshatandikwa.

"Leta mashine yako," Kornelia akasema.

Dominika akaileta, akaiunganisha.

"Sasa niandikie siku ile ya hospitali. Tangu Sirili alipoingia mlangoni. Alichosema yeye, alichosema baba yako, alivyocheka kama alicheka. Usiruke kitu."

"Mama, mengine sikumbuki vizuri."

Mama aliyaona midomoni mwake, au aliyakisia. "Usilolikumbuka andika kwamba hulikumbuki. Nitajua ni wapi pameachwa."

Dominika akakaa sawasawa. Akafikiria kidogo, kisha akaanza: *Baba mdogo alikuja na maziwa kwenye chupa. Baba akamuuliza kama yamechemshwa.* Kornelia alisogeza kiti karibu, akasoma, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nne akaguna. Maziwa hayo aliyakumbuka, alikuwa ameyaona kwa macho, lakini hakuwa amejua kwamba Aloisi aliuliza chochote kuyahusu. Akamgonga bintiye begani kwa kidole, aendelee.